Ufa wa Ukuta ni wa Nani? Kununua na Kukarabati Nyumba Bila ya Riba

  

Ndugu Waislamu, usiku mmoja wa mvua, baada ya swala ya Isha, ndugu yetu mmoja wa hapa Igurwa alinisubiri kwenye kibaraza cha msikiti. Ni mkulima, ana mke na watoto watano, na kwa miaka saba amekuwa akipanga chumba na sebule. Akaniambia: "Maalim, nimepata nyumba. Nataka unieleze kama fedha ninayotaka kuinunulia ni halali, maana kesho wenyewe wanangoja jibu."

Nyumba yenyewe naijua. Ni nyumba kuukuu ya vyumba vinne iliyojengwa na mfanyabiashara wa kahawa aliyekwisha kufariki. Kuta ni za tofali za kuchoma, lakini bati zimeliwa na kutu, kenchi zimeingiwa na mchwa, na ukuta wa mashariki una ufa tangu tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lile lililoutikisa mkoa wetu wa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Warithi walitaka shilingi milioni 6. Fundi alikadiria ukarabati wote kuwa milioni 3, na nusu yake ni ya mambo yasiyongoja: paa na ule ufa. Ndugu yetu alikuwa na milioni 2, alizozipata kwa maharage na kwa kuuza ng'ombe.

Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa tatu. Ya kwanza ni mkopo wa riba kutoka taasisi ya fedha mjini. Ya pili ni mkopo wa kikundi, ambao riba yake ni asilimia 10 kila mwezi. Ya tatu ni butura, yaani kuiuza kahawa yake ikali maua mtini kwa mwenye fedha, ambaye ataichuma mwenyewe ikiiva.

Nikamwambia kuwa zote tatu ni haramu, na dalili nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa halali iko wapi, Maalim?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia asubiri, amche Allah, naye atamtolea njia. Maneno hayo ni ya kweli, lakini niliyatumia kuficha upungufu wangu. Miaka niliyokaa nikisoma milango ya miamala katika vitabu vya fiqhi kwa Kiarabu, na mistari niliyoihifadhi, haikumpa ndugu yangu hata bati moja. Baada ya wiki chache nikasikia kuwa ameuza maua ya kahawa yake ya misimu miwili. Makala haya ni jibu nililomcheleweshea.

KIPIMO CHA RIBA NA BIASHARA

Katika Suratul Baqara (2:275) Allah (s.w.) amewajibu wale waliodai kwamba biashara na riba ni kitu kimoja. Akavitenganisha viwili hivyo, kimoja akakihalalisha na cha pili akakiharamisha. Na katika aya ya 279 ya sura hiyo hiyo, anayeendelea na riba baada ya kuonywa ametangaziwa vita na Allah na Mtume wake. Hakuna dhambi nyingine ya mali iliyotajwa kwa ukali wa namna hiyo.

Pamoja na hayo, swali la wale watu wa zamani bado linaulizwa katika vibaraza vyetu. Mtu husema: mwenye duka ananiuzia bati kwa shilingi 28,000 badala ya 25,000 kwa sababu nitamlipa baada ya miezi sita. Mkopeshaji naye ananipa 25,000 nimrudishie 28,000 baada ya miezi sita hiyo hiyo. Tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika dhamana. Mwenye duka aliimiliki bati kabla ya kuiuza. Kama ingeibiwa ghalani, hasara ingekuwa yake. Kama ina tundu, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Na bei ikishafungwa haipandi tena, hata mnunuzi akichelewa. Mkopeshaji hakumiliki chochote isipokuwa fedha yake, na hakubeba hatari ya kitu chochote. Bati ikiungua, ikiibiwa, ikipeperushwa na upepo, yeye anadai vile vile, na kila mwezi unaopita deni lake linanenepa. Wanazuoni wamelifupisha jambo hili katika kanuni mashuhuri: faida humstahiki yule anayeibeba dhamana ya hasara.

Kwa hiyo anayetaka kununua nyumba kuukuu na ajiulize swali moja kabla hajatia saini: ufa wa ukuta huu ni wa nani? Lau tetemeko lingerudi kesho na ukuta ukaanguka, je, aliyenipa fedha angepata hasara pamoja nami, au angekaa pembeni akihesabu miezi? Ikiwa faida ni yake na ufa ni wako peke yako, hiyo ni riba, hata kama karatasi imeandikwa kwa jina zuri.

Tuliyaona hayo mwaka 2016. Deni la riba halikuwa na ufa wala halikudondosha hata tofali moja. Nyumba ya mkopaji huanguka, nalo deni hubaki limesimama.

BUTURA SI SALAM

Hapa Karagwe na Kyerwa, riba ya benki haiwagusi wengi wetu kama inavyotugusa butura. Mkulima anapata shida ya ada ya shule, ya mgonjwa au ya paa linalovuja. Anakwenda kwa mwenye fedha, anapewa, tuseme, laki 3 kwa mibuni ambayo ikiiva itatoa kahawa ya laki 7. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na viongozi wameikemea hadharani, lakini inaendelea usiku kwa siri kwa sababu shida haijaisha.

Wapo wanaoitetea kwa kusema kuwa hii ni bai' salam, biashara ya kulipa kwanza na kupokea mazao baadaye, ambayo Sharia imeiruhusu. Hapana, ndugu zangu. Huku ni kulivisha kosa kanzu ya halali.

Ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili ijayo. Kama ilivyopokewa na Ibn Abbas (r.a.), hakuwakataza, bali aliwaamuru wakadirie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Lakini ni yeye huyo huyo (s.a.w.) aliyekataza kuuza matunda mtini kabla ya kuonekana kuwa yameanza kuiva, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hadithi hizi mbili hazigongani. Salam ni deni la kilo maalumu za zao la sifa maalumu, lililo katika dhima ya muuzaji, popote atakapolipata. Butura ni kuuza maua ya miti hii hapa, hakuna ajuaye yatazaa kilo ngapi. Mvua ya mawe ikinyesha, mmoja amekula mali ya mwenzake bila haki. Mavuno yakiwa mengi, mwingine ndiye aliyekula.

Salam ina masharti yake. Bei yote ilipwe pale pale kikaoni. Aina, ubora na kilo vitajwe. Siku na mahali pa kukabidhi vijulikane. Isifungwe kwenye shamba fulani dogo. Na kama zao halikupatikana, mnunuzi husubiri au hurudishiwa fedha yake ile ile bila ya nyongeza. Kwa kuwa kahawa ina utaratibu wake wa kisheria wa kuuzwa kupitia vyama vya msingi, nawanasihi ndugu zangu salam yetu tuifanye kwa maharage au mahindi. Mkulima anayehitaji laki 5 za saruji anaweza kuuza kwa salam kilo kadhaa za maharage, kwa bei ambayo mnunuzi anapata faida ya haki na muuzaji hanyongwi. Na asiuze zaidi ya sehemu ya mavuno anayoyapata hata katika mwaka mbaya.

HOJA YA DHARURA

Wengine husema: nyumba ni dharura, na dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Husikika pia wakiitaja fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililokutana Dublin mwaka 1999 na kuwaruhusu Waislamu walioko nchi za Magharibi kununua nyumba kwa mkopo wa riba.

Tuwe waadilifu katika kunukuu. Fatwa hiyo ilipingwa na wanazuoni wengi tangu siku ilipotoka. Pia wenyewe waliotoa waliiwekea masharti: iwe kwa Waislamu walio wachache katika nchi zisizo za Kiislamu, iwe ni nyumba ya kuishi mtu na familia yake, asiwe na nyumba nyingine wala mali ya kuinunulia, na kwanza atafute njia isiyo na riba. Sasa mtu wa Igurwa mwenye kibanja, mwenye ndugu, mwenye msikiti uliojaa wakulima na wafanyabiashara, ametafuta njia hiyo kwa nani? Kama hatukumwekea, dhambi ya kutoipata si yake peke yake.

Kauli iliyo karibu zaidi na hali yetu ni ile ya Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa. Katika kikao chake cha sita huko Jeddah, Machi 1990, baraza hilo lilikubali kwamba makazi ni miongoni mwa mahitaji ya msingi ya binadamu, likakataa mikopo ya nyumba yenye riba iwe kubwa au ndogo, kisha likataja njia mbadala: mikopo isiyo na nyongeza, kuuza nyumba kwa malipo ya awamu, na mkataba wa istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa na bei inayojulikana. Wanazuoni hao hawakuishia kwenye neno "haramu" kama nilivyoishia mimi usiku ule.

Nchini mwetu njia za taasisi si nyingi. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilifungwa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba ya benki za kawaida imetajwa katika taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni kuwa na riba ya kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata Sharia kikamilifu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya Kiislamu. Hayo ni mema na mwenye uwezo wa kuyafikia ayaendee. Lakini mkulima ambaye kipato chake huja mara moja au mbili kwa mwaka, na nyumba anayoitaka imo ndani ya kibanja kisicho na hati, ni vigumu kukidhi masharti ya benki yoyote. Lazima tuanzie msikitini.

KUNUNUA KWA USHIRIKA UNAOPUNGUA

Njia inayomfaa ndugu yetu inaitwa katika fiqhi ya kisasa musharaka mutanaqisa, yaani ushirika unaopungua. Wawili wananunua nyumba kwa pamoja, mmoja anaishi humo, na kila akipata fedha ananunua sehemu ya mwenzake mpaka nyumba iwe yake yote. Tuichukue nyumba yake kama mfano.

Bei ni milioni 6, na ukarabati usiongoja ni milioni 1 na nusu. Jumla ni milioni 7 na nusu. Igawanywe katika hisa 15, kila moja laki 5. Yeye ana milioni 2, basi ana hisa 4. Mfuko wa waumini unatoa milioni 5 na nusu na kumiliki hisa 11. Tuseme kodi ya haki ya nyumba kama hiyo ni shilingi 45,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,000 kwa kila hisa. Yeye atalipa kodi ya hisa za mfuko tu: shilingi 33,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Kila mwisho wa mwaka, baada ya mavuno, ananunua hisa 2 kwa milioni 1. Mwaka wa pili kodi inashuka hadi 27,000, wa tatu 21,000, wa nne 15,000, wa tano 9,000, na wa sita 3,000. Mwisho wa mwaka wa sita ananunua hisa moja iliyobaki, na nyumba ni yake. Kodi yote aliyolipa kwa miaka sita ni shilingi 1,296,000. Linganisha na kile kikundi: mkopo wa milioni 1 peke yake, kwa asilimia 10 kwa mwezi, huzaa riba ya milioni 1 na laki 2 kwa mwaka mmoja.

Hata hivyo, wepesi wa hesabu sio unaoifanya halali. Halali imo katika masharti, nayo ni haya:

Kwanza, mfuko umiliki hisa zake kikweli. Ukuta ukianguka, hasara igawanywe kwa hisa: sehemu 11 za mfuko na sehemu 4 zake. Matengenezo makubwa ya paa, msingi na kuta yawe juu ya wote wawili kwa uwiano huo huo, na matunzo madogo ya kila siku yawe juu ya anayeishi.

Pili, nyumba isipokalika, kodi isimame mpaka itengenezwe, kwani kodi ni malipo ya manufaa, na manufaa yameondoka.

Tatu, mkataba wa ushirika, wa kodi na wa kuuza hisa usifanywe kuwa mkataba mmoja. Mfuko unatoa ahadi ya kuuza, kisha kila hisa inauzwa kwa mkataba wake siku yake, kwa bei watakayoridhiana.

Nne, kama anayeishi atatumia fedha yake mwenyewe kuongeza chumba au kuweka sakafu, iandikwe na ithaminiwe, ili siku ya kuuziana hisa asinunue kwa mara ya pili jasho lake mwenyewe. Ugomvi mwingi wa nyumba za ushirika, hata baina ya ndugu wa baba mmoja, chanzo chake ni hapo.

KUKARABATI KWA MURABAHA NA ISTISNAA

Kwa asiyehitaji kununua bali kukarabati tu, murabaha inatosha. Mfuko unanunua bati 40 kwa milioni 1, unazipokea, kisha unamuuzia kwa milioni 1 na laki 1, faida ikiwa wazi, alipe kwa awamu mbili baada ya mavuno.

Hapa ndipo panapoteleza miguu. Mwaka 1988 huko Kuwait, Majmau hiyo hiyo iliiruhusu murabaha ya anayeagiza kwa sharti kwamba bidhaa iingie katika milki na mkono wa muuzaji kabla ya kuuzwa. Mweka hazina akimpa muumini milioni 1 mkononi na kumwambia "nenda kanunue bati, utaturudishia milioni 1 na laki 1," hiyo ni riba tupu, na kuifanyia msikitini kunaizidishia ubaya. Lazima mtu wa mfuko aende dukani Kayanga au Omurushaka, anunue, apokee, akague, zikipondeka njiani iwe hasara ya mfuko, ndipo auze. Na mdaiwa akichelewa kwa shida ya kweli, apewe muda kama ilivyoamrishwa katika (2:280). Kumwongezea hata shilingi mia ni riba.

Kwa milango, madirisha na kenchi, mkataba wa fundi seremala uwe istisnaa: vipimo, aina ya mbao, idadi, bei na siku ya kukabidhi vyote viandikwe. Ule mtindo wetu wa kumwambia fundi "wewe anza tu, tutaelewana" ni gharari, na wote tunaujua mwisho wake.

KABLA YA KUTOA HATA SHILINGI

Nyumba kuukuu ni kama gunia lililoshonwa mdomo. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Akamkemea muuzaji kwa kuficha kilichoharibika, na akabainisha kuwa anayewaghushi watu si katika wafuasi wake. Anayeziba ufa kwa lipu na kupaka rangi mwezi mmoja kabla ya kuuza amefanya kitendo kile kile. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo na akafichwa, Sharia inampa hiari ya kuirudisha nyumba. Lakini ni bora kukagua kuliko kushitakiana: itazame nyumba siku ya mvua, panda darini, gonga kenchi usikie kama ndani ni tupu, na chimba kidogo penye ufa uone kama umefika kwenye msingi. Ufa wa lipu huzibwa kwa saruji, bali ufa wa msingi huweza kula bei ya nyumba nzima.

Kisha uliza: wanaouza ni wote wenye haki? Nyumba ya marehemu haiuzwi na kaka mkubwa peke yake. Mjane ana fungu lake, na mabinti wana mafungu yao, yaliyopangwa na Allah (s.w.) mwenyewe katika Suratun Nisaa (4:11-12). Katika mkoa wetu desturi ya ukoo imewanyima wanawake kwa muda mrefu. Mwaka 1990, katika kesi mashuhuri iliyotoka huku kwetu, Mahakama Kuu Mwanza chini ya Jaji Mwalusanya iliamua kuwa Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza ardhi aliyoirithi kama mwanamume. Ni aibu kwetu Waislamu, ambao Kitabu chetu kiliwapa wanawake milki karne kumi na nne zilizopita, kununua nyumba iliyouzwa kwa kuwaficha mabinti. Paa jipya juu ya haki ya yatima halimstiri mtu.

Na kama muuzaji ana mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake katika kuuza nyumba ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka uhamisho wa ardhi ya kijiji upate idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Yote haya yanaafikiana na aya ya deni (2:282), aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, inayotuamuru kuandika na kushuhudisha. Tusiseme "sisi ni ndugu, hatuna haja ya karatasi." Karatasi ndiyo inayoulinda udugu.

WAJIBU WETU

Kuhubiri dhidi ya riba ni wajibu, lakini tukiishia hapo tumefanya nusu ya kazi. Mimi na walimu wenzangu tumekuwa hodari wa kufunga milango, na tumewaachia watu wetu waitafute wenyewe iliyo wazi. Wakiingia penye haramu, tunawasema.

Napendekeza hivi. Waumini 40 katika msikiti mmoja, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, hukusanya laki 4 kwa mwezi, sawa na milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Mfuko huo usianze kwa kununua nyumba. Mwaka wa kwanza uanze na murabaha ya bati na saruji, ili tujifunze. Ukishakomaa, uingie ushirika wa nyumba moja, kisha ya pili. Waliotoa ni washirika katika faida na hasara kwa kadiri ya mitaji yao, wala asiahidiwe mtu faida maalumu. Usichanganywe na zaka wala sadaka, kwani hizo zina wenyewe. Usajiliwe kama inavyotaka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Na hesabu zake zisomwe mbele ya watu kila mwezi, maana, tuseme ukweli, mifuko yetu mingi haikuuliwa na maadui bali na madaftari yasiyofunguliwa.

Ndugu yule bado anaswali nasi. Paa lake ni jipya na watoto wake hawalowi. Lakini msimu huu nilimwona amesimama kando ya shamba lake akitazama watu wengine wakichuma kahawa aliyoipalilia yeye, na msimu ujao atasimama hapo tena. Alinisalimu kwa heshima kama kawaida, na sikuweza kumtazama usoni.

Nimeanza kwa kuandika jina langu na shilingi 10,000 katika daftari lililoko kwa Imamu. Nafasi 39 zilizobaki zinawangoja. Tumuombe Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, na azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu na ibada.

Wabillahi tawfiq.